Ziara ya mgeni darasani hailipi mshahara wa mwalimu

Swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa wajumbe wa bodi ya shule moja huku Ilemela, Mwanza: "Mbona hamleti wageni wengi waje wawaone watoto? Wakiwaona watatoa." Kazi yangu ni mahesabu na mikataba kati ya kampuni za utalii na shule za misaada ukanda huu wa ziwa, na imani hiyo ndiyo inayozifikisha shule mahali pa kukopa unga dukani. Nimechoka kuijibu kwa vipande vipande, kwa hiyo leo naandika yote.

Mgeni anayesimama mlangoni mwa darasa la pili, akaimbiwa wimbo, akapiga picha na kuacha noti mbili tatu kwenye kisanduku, hajafadhili shule. Anachoacha hakina tarehe wala kiwango, na mara nyingi si fedha bali mipira, kalamu na pipi. Shule inataka unga kila Jumatatu na mishahara kila mwisho wa mwezi. Kinachoifadhili ni kifungu kimoja ndani ya mkataba, kinachosema kampuni italipa kiasi gani, kwa hesabu gani na tarehe ngapi. Mgeni anaweza kutua Mwanza, kwenda Serengeti kwa lango la Ndabaka, akarudi kwao bila kumwona mtoto hata mmoja, na bado akawa amelisha watoto wengi kuliko yule wa kisanduku.

Sasa hicho kifungu. Kampuni nyingi huja na maneno matamu: "Tutatoa asilimia kumi ya faida." Bodi inapiga makofi na kusaini. Jamani, faida inajulikana baada ya hesabu za mwaka kufungwa, na ni mwenye kampuni anayeamua mengi kabla ya hapo. Akinunua Land Cruiser kwa mkopo, akalipa riba, akakata uchakavu wa magari ya zamani, faida inaweza kuwa sifuri mwaka ambao wageni walijaa. Hapo hakuna aliyeiba. Sheria inaruhusu, mkaguzi atapitisha, na shule itapata asilimia kumi ya sifuri.

Wengine wakishtuka wanakimbilia asilimia ya bei. Nayo ni mbaya, ila inamuumiza mwingine. Sehemu kubwa ya bei ya safari si mali ya kampuni. Kiingilio cha Serengeti kwa mgeni mzima kutoka nje ya Afrika Mashariki, msimu wa watu wengi, ni dola 70 kwa saa 24. Ongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa 82.60. Wageni wanne wakikaa ndani saa 48, dola 660.80 zinapita tu mikononi mwa kampuni kwenda TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Bado hoteli, mafuta, dereva, na wakala wa nje ambaye hukata komisheni yake kwanza kabla hata hajatuma fedha. Ukidai asilimia kumi ya bei yote, kampuni ndogo itakulipa msimu wa kwanza kwa moyo mmoja, msimu wa pili kwa kuchelewa, na wa tatu hutaiona.

Ninachokubali mimi ni kiasi kisichobadilika kwa kila mgeni kwa kila siku ya safari. Chukua mfano wa shilingi 25,000 kwa siku ya mbugani, na 5,000 kwa matembezi ya siku moja kama kisiwa cha Saanane, makumbusho ya Bujora kule Kisesa au Ukerewe. Kiasi hicho kiwe ndani ya bei tangu siku mgeni anapotumiwa makadirio, kisiwe ombi la hiari mwishoni, kwa sababu mgeni akiachiwa hiari baada ya kulipia kila kitu anaona ameshatoa vya kutosha. Shule ipewe kila mwezi orodha ya safari: tarehe, idadi ya wageni, idadi ya siku. Fedha ziingie kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Na mkataba uandikwe kwa shilingi, maana tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei na malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Faida ya kiasi kama hicho ni kwamba mwalimu mkuu yeyote anaweza kukikagua kwa kalamu na karatasi. Wageni wanne kwa siku tano ni siku-wageni 20, mara 25,000, ni shilingi 500,000 kwa safari moja. Hahitaji mkaguzi kumweleza.

Kwa hesabu hiyohiyo tuone shule yenye watoto 200 na waajiriwa kumi. Wakilipwa wastani wa shilingi 600,000, ni milioni 6 kwa mwezi. Mwajiri anaongeza asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na nusu asilimia ya mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, inafika 6,630,000. Kwa mwaka ni 79,560,000. Gawanya kwa laki tano: karibu safari 160 zinahitajika, tena kwa mishahara peke yake. Kampuni yenye magari matatu yenye makao Mwanza haifiki huko. Wageni wengi wa Serengeti bado wanapitia Arusha, na hilo halitabadilika kwa sababu bodi imeomba.

Chakula je? Gramu 150 za unga kwa mtoto ni kilo 30 kwa siku. Mwaka una siku kama 194 za masomo, kwa hiyo kilo 5,820. Maharage gramu 60 kwa mtoto ni kilo 12 kwa siku, kilo 2,328 kwa mwaka. Ukichukua mahindi kwa 800 na maharage kwa 2,500 kwa kilo, unafika kama milioni 10 na nusu. Weka mafuta, chumvi, dagaa mara mbili kwa wiki, kuni, kusaga na posho ya wapishi, uiite milioni 15. Hizo ni safari 30.

Hapo ndipo nataka wajumbe wa bodi watulie wasome mara mbili. Fedha ya utalii ina umbo lake. Inakuja kwa mafungu kuanzia Juni hadi Oktoba, inalegea, inachangamka kidogo Desemba, kisha Aprili na Mei wakati wa masika inakauka. Mshahara una umbo jingine, ni uleule kila mwezi. Ukiufunga mshahara kwenye fedha ya msimu, mwalimu wako atakaa bila malipo Aprili, na mwalimu mzuri hasubiri Aprili mbili. Chakula kinafuata msimu vizuri kwa sababu mahindi hununuliwa kwa mkupuo. Usukumani mavuno yanaingia sokoni katikati ya mwaka, bei inashuka, na ndipo fedha za safari za Juni na Julai zinapotua. Fedha hizohizo zikichelewa hadi Januari, utanunua mahindi yaleyale kwa bei ya njaa. Ndiyo maana nang'ang'ania tarehe 10, na wenye kampuni huona nawasumbua.

Kwa hiyo utalii ulishe, ujenge tangi, uezeke paa, ununue madawati. Mishahara itafutiwe chanzo cha kila mwezi: ada ya wazazi wanaoweza, wafadhili wanaokatwa kwenye akaunti zao kila mwezi, au mradi wa shule unaouza kitu kila wiki. Najua wafadhili wengi hawapendi kusikia neno mishahara. Wanataka kuona tofali. Waambiwe wazi kwamba tofali halifundishi kusoma.

Ukishanunua mahindi ya mwaka, kosa linalofuata linakaa stoo. Magunia 59 ya kilo 100 yanatosha ukisaga dona. Ukikoboa upate sembe unapoteza karibu robo, na utahitaji zaidi ya magunia 75. Sioni sababu ya shule ya misaada kukoboa, maana unalipa zaidi ili mtoto apate virutubisho pungufu. Kabla ya kupokea mzigo pima unyevu. Usipokuwa na kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri, tikisa dakika kadhaa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, mrudishie muuzaji. Usimwonee haya. Mahindi yenye unyevu huota ukungu na kuzalisha sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Yaliyokauka yakae kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Dumuzi akikosa hewa hufa bila dawa, mradi mfuko haujatobolewa na haufunguliwi funguliwi kila siku. Funga mifuko yote, fungua mmoja mmoja unapoutumia.

Kuhusu ziara zenyewe, kalenda inatosha kuwajibu. Nyumbu wanapokuwa ukanda wa Grumeti, Juni, shule zimefungwa hadi mwanzoni mwa Julai. Septemba, wageni wakiwa wengi, darasa la saba wako kwenye mtihani wa taifa, na Oktoba ni zamu ya darasa la nne. Unataka kumwingiza mgeni lini? Kila kundi la nusu saa linakula kipindi kizima, maana watoto wanapangwa, wanaimba, kisha hawatulii. Na picha ya mtoto anayetambulika, jina la shule likiwa kwenye sweta, inazunguka dunia bila mzazi kuulizwa. Mgeni anayetaka kuona fedha yake ilikokwenda aletwe baada ya masomo, aoneshwe jiko, stoo na daftari la mapokezi ya chakula, azungumze na mwalimu mkuu. Zawadi zipokelewe ofisini, zisigawiwe mkono kwa mkono uani.

Wanaojitolea kufundisha wiki mbili sina mengi nao. Viza ya utalii hairuhusu kazi hata isiyolipwa, kujitolea kuna kibali chake, na shule ikikutwa na mtu asiye nacho, ni mwenye shule anayejieleza Uhamiaji.

Lipo jambo ambalo linanisumbua na sina jibu linaloniridhisha. Shule za msingi za serikali hazitozi ada. Wakati mwingine nikiangalia safari 30 zinavyolisha watoto 200, najiuliza kwa nini tunasajili shule mpya, tunaajiri, tunajenga, wakati shule ya serikali iko ng'ambo ya barabara na watoto wake wanarudi nyumbani mchana bila kula. Jibu la kawaida ni msongamano wa madarasa, na ni kweli upo. Lakini nadhani sababu nyingine ni kwamba kampuni inapenda kuwa na shule yenye bango lake, na sufuria la uji kwenye shule ya serikali halina bango. Bodi ambayo bado haijajenga inapaswa kulijadili hili kwa uwazi kabla ya kuchimba msingi.

La mwisho ni akiba. Mwaka 2019 nchi ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, wakashuka hadi laki sita na ushee. Kila fedha inayoingia, tenga asilimia 20 kwenye akaunti nyingine yenye watia saini wa shule, si wa kampuni. Kwa mfano wetu hiyo inamaanisha kulenga safari 38 badala ya 30, na ndani ya misimu miwili unakuwa na chakula cha muhula mzima kilicholipiwa hata gari lisipowashwa. Kisha weka kifungu cha kuachana: kampuni ikitaka kujitoa, itoe notisi ya miezi 12 kwa maandishi, ihesabiwe kuanzia Januari inayofuata, na iendelee kulipa kwa kila mgeni wa kipindi hicho chote. Kampuni ikikataa kifungu hicho, msisaini.