Je, wajua kwa nini alama ya mkono kwenye seli namba 17 inasemekana hurudi kila inapofutwa?

Jela ya zamani ya Kaunti ya Carbon, katika mji wa Jim Thorpe, Pennsylvania, Marekani, ni jengo la mawe lililojengwa karibu na 1870 kwa ramani ya Edward Haviland. Ilifungwa 1995 na sasa ni makumbusho. Kinachowavuta wageni zaidi ni alama ya kiganja kwenye ukuta wa seli namba 17.

Tarehe 21 Juni 1877, wakati mji ukiitwa Mauch Chunk, watu wanne walinyongwa humo kwa pamoja: Alexander Campbell, Edward Kelly, Michael Doyle na John Donahue. Walihukumiwa kwa mauaji ya wasimamizi wa migodi ya makaa ya mawe, wakidaiwa kuwa wa Molly Maguires, kundi la siri la wachimbaji kutoka Ayalandi. Inasimuliwa kwamba Campbell, walipokuja kumchukua, alipaka kiganja vumbi la sakafuni, akakigandamiza ukutani na kuapa kuwa alama itabaki kushuhudia kwamba hana hatia. Wengine husema aliyeapa ni Thomas Fisher, aliyenyongwa 1878.

Simulizi hiyo ilipata nguvu kwa sababu kesi zenyewe zilikuwa na dosari kubwa. Franklin Gowen, rais wa kampuni ya reli ya Philadelphia and Reading iliyomiliki pia migodi ya makaa, ndiye aliyewakodi wapelelezi wa Pinkerton, shirika binafsi la upelelezi, na shahidi mkuu akawa mpelelezi wao, James McParland. Mawakili wa kampuni za makaa ndio walioendesha mashtaka, na Wakatoliki wa Ayalandi walienguliwa kwenye baraza la wazee wa mahakama. Jaji John Lavelle wa kaunti hiyo hiyo aliandika zaidi ya karne moja baadaye kwamba serikali ilichangia ukumbi wa mahakama na mnyongaji tu.

Turudi ukutani. Inasemekana sherifu mmoja aliibomoa lipu na kupiga mpya mnamo 1930 hivi, kisha mwingine akaipaka alama rangi ya maji miaka ya 1960. Mara zote mbili ikarudi.

La rangi halina ajabu. Kila fundi rangi analijua. Jasho, mafuta au masizi yakishazama kwenye lipu ya chokaa, rangi ya maji haiyazuii. Unyevu wake huliamsha doa, na unapotoka kwa juu hulivuta pamoja nao, hata kivuli chake kikatokeza juu ya rangi mpya. Kurudia rangi ile ile mara tatu hakusaidii sana. Inabidi kukwangua, kuacha ukuta ukauke kabisa, kupaka praima (rangi ya kwanza ya kuzuia doa) ya mafuta au ya shelaki, yaani utomvu wa wadudu, mara mbili, ndipo rangi ya maji ifuate. Tena kuta nene za mawe hufyonza maji ya ardhini, na unyevu huo huendelea kusukuma doa nje.

Ugumu uko kwenye lipu. Enzi zile ilipigwa kwa matabaka matatu: mawili ya chini ya chokaa, mchanga na manyoya ya wanyama, kisha la juu, laini, lenye milimita 2 au 3 tu. Fundi akikwangua hilo la juu peke yake, doa la chini litarudi. Lakini ikiwa lipu yote iliondolewa hadi kwenye jiwe, kama simulizi inavyodai, maelezo ya doa kupenya hayatoshi. Ndipo jambo jingine linapoingia: lipu ya chokaa haikauki usiku mmoja. Ikiwa mbichi huwa na mabaka meusi na meupe kwa siku kadhaa, na anayetazamia kuona kiganja anaweza kukiona.

Kulipima jambo hili si kazi ngumu: picha zenye tarehe, zilizopigwa kwa mwanga ule ule na rula ikiwa ukutani, kabla na baada ya kila ukarabati, kisha kipande chembamba cha lipu kikatwe hadi kwenye jiwe, ionekane doa limeishia tabaka gani.