Maziwa ya Magadi Yana Uhai: Dhana Potofu Kuhusu Natron, Magadi na Bogoria

Katika Bonde la Ufa yako maziwa ambayo maji yake huwasha macho, huchubua ngozi na kuacha gamba jeupe ufukweni kiangazi kikishika. Kwa kuwa hayanyweki wala hayamwagiliwi shambani, watu huyaita maziwa mafu. Vipimo vinasema kinyume. Nakuru na Bogoria yamewahi kuonekana kuwa miongoni mwa maji yanayozalisha chakula kingi zaidi duniani kwa kila mita ya mraba. Wazalishaji wenyewe ni wadogo mno kuonekana kwa macho, ndiyo maana yanasemwa mengi yasiyo ya kweli.

Dhana: Ziwa Natron hugeuza wanyama kuwa mawe

Imani hii ilienea mwaka 2013 kupitia picha za Nick Brandt: ndege na popo waliokauka, wamekaa tuli kana kwamba kifo kiliwakuta tawini. Mpiga picha huyo alieleza mwenyewe kwamba aliikuta mizoga ufukweni, kisha akaipanga. Magadi yalichofanya ni kuinyonya maji na kuizuia isioze. Wamisri wa kale walitumia chumvi ya jamii hiyohiyo kukaushia maiti.

Mnyama hai hagandi kwa kugusa maji. pH, yaani kipimo cha asidi na magadi ambapo 7 ni katikati, hufika 10.5, na ukikaa humo utaungua ngozi na macho, lakini karibu na chemchemi wanaishi samaki wadogo jamii ya perege, Alcolapia. Ndugu yao wa Ziwa Magadi, Alcolapia grahami, hutoa taka ya mwili kama yurea badala ya amonia, kwa sababu kwenye maji ya pH ya juu namna hiyo amonia haitoki vizuri kwenye matamvua.

Natron ndipo heroe wadogo, yaani flamingo, wa Afrika Mashariki wanapozalia kwa kawaida. Tope la magadi linalozunguka viota huwazuia fisi na mbweha. Hatari iliyopo ni ya vifaranga: maji yakikolea mno, magadi huganda miguuni mwao na kuwa pingu. Mwaka 1962 ilitokea Ziwa Magadi, na maelfu ya vifaranga waliokolewa kwa kuvunjiwa pingu hizo.

Dhana: Wekundu wa maji ni kutu ya chuma

Ni viumbe hai. Chumvi ikizidi kiasi ambacho sianobakteria (bakteria wanaojitengenezea chakula kwa nuru) wengi wanaweza kustahimili, nafasi huchukuliwa na arkea, viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria kwa umbo lakini wenye nasaba ya peke yao. Rangi yao, bakterioruberini, ni ya jamii ya karotenoidi, kama rangi ya karoti, na huwakinga na jua kali. Natronococcus occultus na Natrialba magadii zote zilipatikana kwanza Ziwa Magadi.

Arkea hawa hurundika potasiamu ndani ya seli ili nguvu ya chumvi ya ndani ilingane na ya nje. Hapa ndipo sampuli nyingi za maji zinazopelekwa maabara hupotea. Ukizimua kwa maji yasiyo na chumvi, maji hukimbilia ndani, seli zinapasuka, sahani za kuoteshea zinabaki tupu, na ripoti inaandikwa kwamba ziwa halina kitu. Zimua kwa maji yenye chumvi kiasi kilekile cha ziwa. Chakula cha kuoteshea kiwe na chumvi ya kawaida takriban gramu 200 kwa lita na sodiamu kaboneti gramu 18 hivi. Kaboneti ichemshwe kwenye chombo chake na ichanganywe baada ya kupoa. Ukivichemsha pamoja, magnesi hutuama kama unga mweupe na virutubisho huungua vikawa kahawia. Funga sahani ndani ya mfuko wa plastiki zisikauke, kisha vuta subira: viumbe hawa hukua polepole, na sahani iliyotupwa baada ya siku mbili haijathibitisha lolote.

Dhana: Kipimo chochote cha pH kinatosha

Elektrodi ya kioo cha kawaida, ikiwekwa kwenye maji yenye sodiamu nyingi na pH ya zaidi ya 10, husoma chini ya ukweli, kwa sababu sodiamu hujipenyeza nafasi ya hidrojeni. Tafuta elektrodi iliyotengenezwa kwa pH ya juu, irekebishe kwa kimiminika cha pH 10 pamoja na cha 7, na upime papo hapo ziwani. Usiyazimue maji kwanza, pH itabadilika.

Dhana: Maji yanayochemka hayawezi kuwa na uhai

Chemchemi za Bogoria huchemka chini kidogo ya nyuzi 100 kwa sababu ya mwinuko. Hata kwenye mdomo wa chemchemi wapo bakteria na arkea walioshika mawe. Fuata mkondo ukiteremka: viumbe wanaojitengenezea chakula kwa nuru hawavuki nyuzi 73 hivi, kwa hiyo pale kijani kinapoanza unajua joto limeshuka kiasi gani bila kipimajoto. Mbele kidogo utando wa viumbe hao unanenepa. Ukikata kipande, juu kuna kijani cha milimita chache, chini yake mara nyingi zambarau ya bakteria wa salfa, halafu tabaka jeusi linalonuka yai viza, ambako oksijeni haifiki. Usikanyage gamba jeupe kando ya chemchemi. Linaweza kuwa jembamba na chini yake ni maji ya moto.

Dhana: Mvua nyingi ni neema kwa heroe

Chakula chao kikuu ni spirulina, aina ya sianobakteria, na hiyo hutaka maji makali ya magadi. Tangu miaka ya 2010 maji ya Nakuru yamepanda, chumvi ikapungua, spirulina ikapungua, na heroe wengi wakahama. Weupe au uwaridi wao pia unatokana na wanachokula. Vifaranga huanza wakiwa wa kijivu.

Dhana: Spirulina ya kula ichotwe tu ziwani

Hapana. Kwenye utando wa chemchemi za Bogoria zimepatikana sumu za sianobakteria, microcystin na anatoxin-a, na zikapatikana pia kwenye miili ya heroe waliokufa. Kwa macho huwezi kutofautisha. Maji haya yana floridi nyingi vilevile, na ndivyo yalivyo magadi mabichi ya kupikia maharage, ambayo yamehusishwa na meno ya kahawia mikoa ya kaskazini mwa Tanzania. Basi usiyatumie kulishia spirulina.

Ioteshe kwenye bwawa safi la kina cha sentimita 15 hadi 20: sodiamu baikaboneti gramu 16.8 kwa lita, naitreti ya sodiamu 2.5, fosfeti ya potasiamu 0.5, chumvi 1, na magnesi na chuma kidogo. Joto liwe nyuzi 30 hadi 35. Anza na mbegu nzito, yaani spirulina hai iliyosongamana, na uitie kivuli siku za mwanzo, maana ikiwa nyepesi jua huiunguza. pH ikibaki chini ya 9.5 mwani mwingine huvamia. Vuna pale kisahani cheupe unachokizamisha bwawani kinapopotea machoni kwenye kina cha sentimita 2 au 3, chuja kwa kitambaa cha mikromita 30 hadi 50, kamua, na ukaushe siku hiyohiyo chini ya nyuzi 60. Wasiokula nyama wasiitegemee kwa vitamini B12: sehemu kubwa iliyomo ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauitumii.