Je, wajua kwa nini urafiki hupoa mtu akienda kusoma ng'ambo, hata kama simu ipo?

Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wahenga, lakini wao hawakuwa na simu. Sisi tunazo, tena za video, na bado mwanafunzi aliyesindikizwa na marafiki kumi mpaka uwanja wa ndege Dar es Salaam hutimiza miezi sita China, wanaomtafuta wamebaki wawili. Wengi hudhani wamesahauliwa, au kwamba wao ndio wametupa wenzao. Nilikaa mji wa Nanjing, huko huko China, miaka minne, na hayo niliyaonja mwenyewe. Sababu zipo, na mtu akizijua maumivu hupungua.

Kubwa ni kwamba urafiki unakula muda, na muda wa mtu hauongezeki akivuka bahari. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana 24 wa Uingereza kwa miezi 18, tangu wakiwa wanamaliza sekondari hadi walipoingia chuoni au kazini. Waliangalia kila mmoja anampigia nani simu na mara ngapi. Majina yalibadilika sana, lakini mgawo haukubadilika. Aliyezoea kumpa mtu wake wa kwanza fungu kubwa la simu aliendelea hivyo hivyo, ila sasa wa kwanza alikuwa mwingine. Ni kama kila mmoja wetu ana viti vyake vya sebuleni, na idadi yake ni ile ile: akija mgeni akakaa, kuna aliyesimama. Aliyesimama hajachukiwa, na nyumbani nako rafiki yako ana viti vyake vinavyopata wageni.

Kwa ndugu mambo ni tofauti. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa Sam Roberts na Robin Dunbar, ulionyesha kuwa ukaribu wa ndugu hautikisiki sana hata wasipoonana, lakini ule wa marafiki hushuka upesi usipotunzwa. Ndiyo maana unaweza kukaa miezi miwili bila kuongea na dada yako kisha mkaanzia pale pale mlipoachia, ilhali rafiki wa kidato cha nne ukimpigia baada ya muda huo mnajikuta mnatafuta la kusema.

Ukiwa China kuna vikwazo vingine juu ya hivyo. WhatsApp imezuiwa huko tangu 2017, kwa hiyo makundi yote ya nyumbani yanazimika siku unayotua, mpaka utafute njia ya kuzunguka au uwashawishi wenzako waingie WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina. Na ujumbe wa sauti wa WeChat unakatika ukifika sekunde 60. Mswahili atafanya nini na sekunde 60? Hujambo, za siku nyingi, mama hajambo, yule mtoto ameshaanza kutembea, mguu wa mzee unaendeleaje: dakika imekwisha, na lililokufanya ushike simu hujalisema. Halafu kuna saa. China iko mbele kwa saa tano, kwa hiyo Dar ikiwa saa mbili usiku, watu wamekula na wamekaa barazani kupiga soga, Nanjing ni saa saba usiku na wewe una kipindi asubuhi.

Upande wa marafiki wapya, hesabu ni ya saa vilevile. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alichapisha mwaka 2018 makadirio yake: kama saa 50 za kuwa pamoja mtu wa kusalimiana naye awe rafiki wa kawaida, kama 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe wa chanda na pete. Saa 200 ni kukaa na mtu saa mbili kila siku kwa zaidi ya miezi mitatu. Tena saa za kazi tu hazikusogeza watu sana. Zilizosogeza ni za kukaa, kucheza, kuongea mambo yasiyo na haraka. Basi usijilaumu ukiona miezi miwili imeisha na huna mtu. Hujachelewa.

Saa hizo zinapatikana wapi? Kwangu zilipatikana jikoni. Wanafunzi wa kigeni mara nyingi hukaa hosteli yao, mbali na Wachina, na jiko letu la ghorofa ya nne lilikuwa moja kwa watu wote. Nilikuwa nasonga ugali kwa unga wa mahindi ya njano, jirani Mpakistani anakaanga vitunguu, na hakuna aliyemwalika mwenzake. Siku ya kumi aliniuliza huo uji mzito ni nini. Baada ya muhula mmoja tulikuwa tunanunua mchele pamoja. Pale jikoni tulikuwa tunakutana bila kupanga, na hilo ndilo lililotusaidia. Kwa hiyo chagua mahali pamoja, iwe uwanja wa badminton au meza moja ya maktaba, uende siku zile zile.

Kwa Wachina, Kiswahili chenyewe ni mlango. Beijing kinafundishwa chuoni tangu miaka ya 1960, na anayekisoma hufurahi sana kupata mtu wa kuongea naye.

Watanzania wenzetu walioko huko huko pia tuwashike, hasa wiki ngumu, lakini ukiongea Kiswahili asubuhi hadi usiku, viti vyote vitajaa kabla hujamjua jirani.

Na marafiki wa zamani walioko nyumbani? Chagua wachache, uwape saa maalumu. Roberts na Dunbar waliona pia kuwa wanawake wengi walishikilia urafiki kwa kuongea, wanaume zaidi kwa kufanya jambo pamoja. Mimi na rafiki yangu wa Tanga maongezi yalikuwa yametuishia. Basi Jumapili saa nne asubuhi kwake, saa tisa alasiri kwangu, akawa anaegemeza simu kwenye kopo la sukari, anapanga drafti, na mimi namtajia kete ya kusogeza. Alikuwa ananisogezea mwenyewe, na hakuniibia hata mara moja.