Je, wajua kwa nini magari mawili yenye nguvu za farasi 190 kila moja hayapandi mlima wa Mai Mahiu sawasawa?

Ukitoka Naivasha kurudi Nairobi kwa barabara ya chini, ukishaipita Mai Mahiu na lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka 1942, barabara huanza kuukwea ukingo wa Bonde la Ufa. Hapo gari halifichi kitu. Malori hutambaa upande wa kushoto, matatu hutafuta mwanya, na wewe uliyejaza familia nzima unaanza kusikiliza injini kuliko redio.

Desemba iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka ruracio, sherehe ya mahari, Nakuru na magari mawili. Yote Mazda CX-8, yote meupe, ya viti saba, na yote yalinunuliwa kwenye yadi za Ngong Road yakiwa yametoka Japani. Mimi nilikuwa naendesha la petroli, nimebeba watu saba pamoja na mizigo, na shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na la dizeli, naye amejaza vivyo hivyo. Tulipoanza kupanda, mshale wangu wa mizunguko uliruka hadi 4,500 na injini ikalia kama mashine ya kusaga. Mama, aliyekuwa kiti cha nyuma kabisa, akauliza kama kuna kitu kimeharibika. Shemeji akanipita akiongea na watoto wake, wala dirisha hakulifunga.

Juu kwenye kituo cha kutazamia bonde, pale wanapouza ngozi za kondoo, nikamfuata.

"Shemeji, hiyo yako ni farasi ngapi?"

"Mia moja tisini. Yako?"

"Mia moja tisini."

Akacheka. Mimi sikucheka, maana namba zilikuwa kweli. Kwenye karatasi za kiwanda, CX-8 ya petroli ya lita 2.5 isiyo na tabo (kile kifaa cha kuisukumia injini hewa) ina farasi 190, na ya dizeli ya lita 2.2 ina farasi 190. Gia ni otomatiki ya hatua sita kwa yote mawili, na bodi ni ile ile yenye urefu wa mita 4.9. Basi kwa nini moja lilie na jingine litembee?

Jibu limo kwenye maandishi madogo yanayofuata ile namba 190, ambayo wauzaji wengi wa yadi hawayasomi. Petroli hutoa farasi zake 190 injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ilhali dizeli huzitoa kwenye 4,500. Halafu kuna namba nyingine pembeni, ya nguvu ya msokoto, yaani ule mkono ambao injini hutumia kuuzungusha mtaimbo wake. Petroli ina nyutoni mita 252, tena kwenye mizunguko 4,000. Dizeli ina 450, na inazifikia kwenye mizunguko 2,000 tu.

Wafikirie wauza maji wawili Kayole, siku mifereji imekauka. Mmoja anabeba mtungi wa lita 20 kila safari. Wa pili anabeba wa lita 10, lakini anakimbia na kwenda safari mara mbili ya mwenzake. Kufikia jioni wamefikisha maji sawa kabisa. Ukiwahesabia kwa siku, utasema nguvu zao ni moja, na hizo ndizo farasi: kazi iliyofanyika kwa muda fulani. Lakini waambie wote wawili waende mwendo wa polepole, hatua kwa hatua. Yule wa mtungi mdogo sasa analeta nusu ya mwenzake. Ili amfikie ni lazima akimbie, na ukimkuta anakimbia kwenye mlima utamsikia kabla hujamwona.

Gari nalo lina hesabu hiyo hiyo: msokoto ukizidishwa na mizunguko ndio unaozaa farasi. Kwenye mizunguko 2,000, dizeli ya shemeji ina farasi kama 128 tayari zinafanya kazi. Petroli yangu, hata nikiipa msokoto wake wa juu kabisa ambao kwa kweli haijaufikia bado kwenye mizunguko hiyo, haizidi 72.

Tuuweke mlima sasa. Gari lenye uzito wa karibu kilo 1,800, watu saba na mifuko, jumla inakaribia kilo 2,350. Tuseme barabara inapanda mita 7 kwa kila mita 100, nawe unataka kwenda kilomita 80 kwa saa. Ukijumlisha uzito, msuguano wa matairi, upepo na nguvu zinazopotea kwenye gia, unahitaji takriban farasi 70. Dizeli ina 128 bila kujisumbua, kwa hiyo inakaa kwenye gia yake na kunyamaza. Petroli iko ukingoni kabisa, na hapo bado sijaitoza gharama ya kuishi Nairobi.

Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Limuru unapita mita 2,200. Hewa ya huku ni nyepesi. Ukilinganisha na Mombasa, kila lita ya hewa ya Nairobi imepungukiwa na karibu moja ya sita. Mpishi yeyote aliyehama kutoka Pwani anaujua upungufu huu hata kama hajawahi kuupa jina: maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na githeri, yale mahindi na maharagwe, inakaa jikoni muda mrefu zaidi.

Injini ya petroli isiyo na tabo huvuta hewa kwa mapafu yake yenyewe. Hewa ikiwa nyepesi, silinda inajaa pungufu, na kompyuta ya gari inapunguza mafuta ili yalingane na hewa iliyopo. Zile farasi 72 zinashuka hadi kama 60. Mlima unadai 70. Basi gia inateremka moja, inateremka ya pili, mizunguko inapaa, na mama anauliza kama kuna kitu kimeharibika. Hakuna kilichoharibika. Injini inafanya alichofanya yule wa mtungi mdogo.

Dizeli ya CX-8 ina tabo mbili, ndogo na kubwa. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo upande wa pili inasukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu. Ile ndogo ni nyepesi, kwa hiyo inaamka mapema injini ikiwa bado taratibu. Ile kubwa inashika kazi mizunguko ikipanda. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, tabo inazunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya pengo. Ndiyo maana gari lenye tabo halishangai sana likitoka Mombasa kuja Nairobi, na lisilo na tabo linachoka.

Hapa niwe mkweli kwa wapenzi wa dizeli, maana huwa wanajisifu kupita kiasi. Sifa nyingi wanazompa dizeli ni za tabo. Mazda walitoa pia CX-8 ya petroli yenye tabo, lita 2.5, farasi 230 na nyutoni mita 420, nayo haiombi msamaha kwenye mlima wowote. Lakini inakunywa.

Kilicho cha dizeli mwenyewe ni namna mafuta yanavyowaka. Umewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono? Shika chini ya pampu baada ya dakika moja: imepata moto. Hewa ikibanwa hupata joto. Kwenye injini ya shemeji, hewa hubanwa hadi sehemu moja ya 14.4 ya ukubwa wake, na inakuwa na joto la nyuzi mia kadhaa. Injekta inanyunyiza dizeli humo nayo inawaka yenyewe, bila plagi ya kutoa cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani, ndiye aliyeifanya kanuni hii ifanye kazi vizuri, mjini Augsburg mwaka 1897.

Kwa kuwa kinachobanwa ni hewa peke yake, hakuna hatari ya mafuta kuwaka kabla ya wakati. Petroli huingia silinda ikiwa imeshachanganyika na hewa, au hunyunyizwa mapema kabla ya cheche, kwa hiyo ukisukuma hewa nyingi mno injini inagonga, ile sauti ya kugonga ambayo fundi akiisikia anazima gari mara moja. Dizeli haina woga huo. Unaweza kuijaza hewa tele hata kwenye mizunguko ya chini, na huo ndio mtungi wa lita 20.

Tena lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Kwa kipimo cha Japani, CX-8 ya dizeli ya kuendeshwa na magurudumu mawili hupata kilomita 15.8 kwa lita, na ya petroli isiyo na tabo 12.4. Tangi ni lita 72. Kwenye karatasi hiyo ni Nairobi hadi Mombasa na kurudi, kama kilomita 960, bila kusimama kituo cha mafuta. Barabarani nyuma ya malori ya Mlolongo usiitegemee hesabu hiyo, ila tofauti kati ya magari mawili inabaki.

Viti vya nyuma kabisa? Mazda wenyewe wanasema vinamtosha mtu wa sentimita 170. Mama alikaa hadi Nairobi bila kulalamikia magoti. Ila viti vyote vikisimama, nafasi ya mizigo inabaki lita 239 tu, kwa hiyo mbuzi tuliyepewa ruracio ilibidi asafiri kwa njia nyingine.

Ukifikiria kununua, jua kwamba CX-8 iliuzwa Japani kuanzia Desemba 2017 hadi mwishoni mwa 2023, na Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Injini ya dizeli ina ukubwa wa sisi (sentimita za ujazo) 2,188, chini ya zile 2,500 ambazo dizeli ikizizidi inatozwa kiwango cha juu zaidi cha ushuru wa bidhaa. Toyota Fortuner ya sisi 2,755 ina msokoto wa nyutoni mita 500, lakini mpaka huo imeuvuka.

Nilitaka kubadilishana na shemeji palepale. Kilichonizuia ni jirani yangu wa Kilimani, mwenye gari la dizeli la kampuni ambayo siitaji. Yeye huenda shule ya watoto, dakika kumi, kisha ofisi ya Westlands, kisha anarudi, yote kwenye msongamano. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Masizi yakijaa, kompyuta inaongeza mafuta ili chujio lipate joto la nyuzi kama 600 na kuyateketeza, na kazi hiyo inahitaji mwendo mzuri usiokatizwa kwa robo saa na zaidi. Jirani hakuwahi kuupata. Taa ya njano iliwaka, akaipuuza. Siku fundi alipochomoa kijiti cha kupimia oili, kiwango kilikuwa kimepanda juu ya alama, na oili ilikuwa nyepesi ikinuka dizeli: mafuta ya kuteketeza masizi yalikuwa yamechuruzika kwenye oili kila gari lilipozimwa kabla ya kazi kuisha. Bili aliyoipata ilimfanya akae kimya wiki nzima.

Mimi safari zangu ni kama zake, kwa hiyo petroli yangu inayolia mlimani nimebaki nayo. Shemeji naye alipoisikia habari ya jirani aliichukua kwa uzito sana. Siku hizi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi anamwambia dada kwamba lazima alitembeze gari barabara kuu, chujio lisije likajaa. Hutoka asubuhi, na jioni hurudi akinukia nyama choma ya Kikopey.