Kimeo si chanzo cha kikohozi: dhana potofu na ukweli

Simama mbele ya kioo, panua mdomo, useme "aaa". Kile kinyama kinachoning'inia katikati, mwisho wa kaakaa, ndicho kimeo. Wapo wanaokiita kimio, kilimi au kidakatonge. Kwa Kilatini kilifananishwa na tunda la mzabibu, kikaitwa uvula, yaani zabibu ndogo, na jina hilo limebaki kwenye vitabu vya udaktari hadi leo.

"Kimeo na mafindofindo ni kitu kimoja." Hapana. Tezi za koo ziko mbili, kulia na kushoto, na zikivimba ndipo tunasema mtu ana mafindofindo. Kimeo ni kimoja tu, katikati.

"Kinadaka tonge lisiingie njia ya hewa." Hapa jina limetuchanganya. Kidakatonge wengine hulitumia kwa kimeo, wengine kwa kifuniko kilicho chini zaidi, nyuma ya shina la ulimi, na hicho ndicho kinachokinga njia ya hewa tunapomeza. Kazi ya kimeo iko juu: pamoja na kaakaa laini huinuka na kuziba njia ya pua, maji na chakula visitokee puani. Tena kina tezi zinazotoa mate mepesi ya kulainisha koo.

Hata kwenye matamshi kina nafasi yake. Waliosoma tajwidi, kanuni za kusoma Kurani, wanajua kwamba herufi za Kiarabu qaf na kaf huitwa herufi za lahawiya, kutokana na lahat, jina la kimeo kwa Kiarabu.

"Mtoto anakohoa hapoi, kimeo kimerefuka, kikatwe." Hii ndiyo dhana inayoumiza watoto, na haiko Tanzania peke yake. Kimeo hukatwa Ethiopia, na Nigeria kaskazini hukatwa na wanzamai, vinyozi wa jadi wa Kihausa, hata kwa watoto wachanga. Mama anampakata mtoto, mkataji anaubana ulimi chini, anaingiza kisu kilichopinda, kisha anamwonyesha mama kipande cha nyama kiganjani. Mama anarudi nyumbani akiamini ameuona ugonjwa wenyewe.

Alichokiona ni kimeo cha kawaida. Urefu hutofautiana kati ya mtu na mtu, na koo likipata maambukizi kimeo nacho huweza kuvimba kwa muda. Kikohozi kisichoisha hutoka kwingine: pumu, nimonia, kifua kikuu, mzio, au tindikali inayopanda kutoka tumboni. "Lakini wa jirani alikatwa akapona!" Ndiyo, kwa sababu vikohozi vingi vya mafua huisha vyenyewe ndani ya wiki mbili tatu, na wazazi wengi humpeleka mtoto kwa mkataji wakati kikohozi kinakaribia kuisha. Mwenye kifua kikuu hakwepi ugonjwa kwa kukatwa kimeo. Anapoteza muda tu, huku ugonjwa ukiendelea na kuambukiza wengine nyumbani.

Madhara ya kisu chenyewe ni mazito. Damu inaweza kuvuja mtoto akiimeza bila mtu kujua, mpaka aishiwe nguvu. Kidonda huweza kuoza, pepopunda ikaingia, na kisu kilichopita kwa watoto kadhaa kinaweza kupeleka virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Kikohozi kikifika wiki mbili, mtoto apimwe kifua kikuu. Tanzania vipimo na dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya, usingoje hata siku moja.

"Mbona hata hospitali wanakata?" Ni kweli, madaktari bingwa wa koo hupunguza kimeo pamoja na sehemu ya kaakaa laini kwa baadhi ya watu wazima wanaokoroma na kukatikiwa pumzi usingizini. Upasuaji huo hufanywa kwa ganzi, baada ya uchunguzi, na haukubuniwa kutibu kikohozi cha mtoto.