Cheti cha dai la kodi si lazima kifute deni

Hapa Bagamoyo, wengi wenye ndugu Marekani huamini kwamba serikali kuu ya huko ikitoa cheti kuhusu dai lake la kodi kwenye nyumba, yaani haki yake juu ya nyumba ya mtu anayedaiwa kodi ya serikali, basi deni limekwisha. Ni rahisi kuchanganya, maana vyeti viko vya namna kadhaa.

Deni likilipwa lote, dai huondolewa ndani ya siku 30. Lakini nyumba moja yaweza kutolewa kwenye dai ili iuzwe, deni likabaki. Tena kuna kushushwa daraja: serikali inakubali benki itangulie kulipwa, mwenye nyumba apate mkopo. Dai halijaenda popote, limesogea nyuma tu.

Soma cheti chenyewe, kisha pekua daftari la hati la kaunti ilipo nyumba. Hata huku kwetu, anunuaye kiwanja bila upekuzi anajitakia.