Hesabu za kampuni kubwa ya nishati na ripoti ya mkaguzi: maana yake na namna ya kuzisoma

Taarifa za fedha za kampuni kubwa ya nishati, iwe inachimba mafuta na gesi au inafua na kusambaza umeme, ni hesabu za mwaka mmoja zilizobeba ndani yake makadirio ya miaka thelathini au arobaini ijayo. Hapo ndipo zinapotofautiana na hesabu za kampuni inayonunua bidhaa na kuiuza baada ya miezi michache. Kisima cha baharini au mtambo wa nyuklia hugharimu mabilioni ya dola kabla ya kuingiza senti moja, hutumika kwa miongo kadhaa, na mwisho wa uhai wake hudai fedha nyingine nyingi za kuubomoa na kulisafisha eneo. Kila mwaka wahasibu hulazimika kusema mali hiyo ina thamani gani leo, na jibu lao hutegemea bei, gharama na sheria za miaka ambayo bado haijafika. Kwa sababu hiyo, anayeishia kwenye mstari wa faida huwa amesoma matokeo bila kusoma uamuzi uliozaa matokeo hayo.

Chini ya viwango vya kimataifa vya uhasibu vya IFRS, mizania huonyesha mali, madeni na mtaji wa wanahisa katika siku moja, mara nyingi tarehe 31 Desemba. Taarifa ya faida na hasara hueleza mapato na gharama za mwaka mzima. Taarifa ya mtiririko wa fedha hufuata fedha taslimu zilizoingia na kutoka. Na taarifa ya mabadiliko ya mtaji huonyesha kilichoongeza au kupunguza haki ya wanahisa. Baada ya hizo hufuata maelezo ya hesabu, ambayo kwa kampuni za ukubwa huu hujaza kurasa nyingi kuliko taarifa zenyewe. Msomaji mwenye muda mfupi afadhali aanzie huko, hasa kwenye sehemu inayoeleza sera za kihasibu na makadirio makuu ya menejimenti, kwa kuwa humo ndimo zinamowekwa dhana ambazo tarakimu zote za mbele zimezitegemea.

Tuchukue uchakavu, yaani gharama ya mali inayogawanywa kidogo kidogo kadiri mali inavyotumika. Kampuni nyingi za mafuta hazigawi gharama ya kisima kwa idadi ya miaka, bali kwa idadi ya mapipa yanayotarajiwa kutoka. Tuseme eneo la mafuta limegharimu dola bilioni 2 na linakadiriwa kuwa na akiba ya mapipa milioni 100. Kila pipa linalochimbwa litabeba uchakavu wa dola 20, na kampuni ikichimba mapipa milioni 10 kwa mwaka itaandika gharama ya dola milioni 200. Wajiolojia wakisema mwanzoni kabisa kwamba akiba ni mapipa milioni 80 tu, kila pipa litabeba dola 25 na gharama ya mwaka itapanda hadi dola milioni 250. Hakuna fedha iliyotoka, hakuna bomba lililopasuka, wala bei haijabadilika, lakini faida imepungua kwa dola milioni 50 kwa sababu ya kauli ya kitaalamu kuhusu kilichomo chini ya ardhi.

Ndiyo maana tarakimu za akiba iliyothibitishwa, yaani mafuta na gesi ambayo kuna uhakika wa kutosha kwamba yatachimbwa kwa faida, zinastahili kusomwa kwa makini kama faida yenyewe. Mwezi Januari 2004, Shell ilitangaza kwamba mapipa bilioni 3.9 ya mafuta na gesi, takriban asilimia 20 ya akiba iliyokuwa imeitangaza kuwa imethibitishwa, hayakustahili kuhesabiwa katika kundi hilo. Bei ya hisa ilianguka, na mwenyekiti wa kampuni akaondoka mwezi Machi mwaka huohuo. Jambo ambalo wasomaji wengi hawalitambui ni kwamba jedwali la akiba, hasa katika ripoti zinazofuata kanuni za Marekani, huwekwa kama taarifa ya nyongeza yenye alama ya kuwa haijakaguliwa. Mkaguzi huzigusa tarakimu hizo pale zinapotumika kukokotoa uchakavu au thamani ya mali, ila hatoi maoni juu ya jedwali lenyewe.

Dhana ya pili, na pengine iliyo nzito kuliko zote, ni upungufu wa thamani ya mali, ambao kiwango cha IAS 36 ndicho kinachousimamia. Kanuni yake ni kwamba mali haipaswi kubaki vitabuni kwa thamani inayozidi kile inachoweza kuirudishia kampuni, ama kwa kuitumia ama kwa kuiuza. Ili kujua itarudisha kiasi gani kwa kuitumia, menejimenti hukadiria mapato na gharama za kila mwaka hadi mwisho wa uhai wa mali, kisha hupunguza tarakimu hizo kwa kiwango fulani cha riba ili zilingane na thamani ya leo. Kadiri bei ya baadaye inavyodhaniwa kuwa juu, ndivyo mali inavyobaki na thamani kubwa. Tarehe 15 Juni 2020, BP ilitangaza kwamba imeshusha makadirio yake ya bei ya mafuta ya Brent, ambayo hutumika kama kipimo cha soko la dunia, hadi wastani wa dola 55 kwa pipa kwa kipindi cha 2021 hadi 2050, na kwamba hatua hiyo, pamoja na kufuta gharama za baadhi ya utafutaji, ingepunguza thamani ya mali kwa kati ya dola bilioni 13 na 17.5 baada ya kodi. Wiki mbili baadaye Shell nayo ilitangaza upungufu wa kati ya dola bilioni 15 na 22. Visima vilikuwa vilevile vya mwezi uliotangulia. Kilichobadilika kilikuwa maoni ya kampuni kuhusu bei ya kesho. Kwa hiyo, msomaji akikuta jedwali la bei zilizodhaniwa ndani ya maelezo ya hesabu, na alilinganishe na la mwaka uliopita pamoja na la kampuni nyingine za aina hiyo. Kampuni inayodhani bei ya juu kuliko wenzake wote inadaiwa maelezo, hata kama hesabu zake zimejumlishwa bila kosa.

Upande wa madeni kuna gharama za kufunga visima, kubomoa mitambo na kusafisha mazingira, ambazo IAS 37 inataka ziandikwe kuwa deni mara tu wajibu huo unapozaliwa, yaani pale mtambo unapojengwa, ingawa malipo yatafanyika baada ya miongo. Tuseme ubomoaji utagharimu dola bilioni 1 baada ya miaka 30. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 3 kwa mwaka, deni litakaloandikwa leo ni takriban dola milioni 412. Kwa asilimia 5 ni takriban dola milioni 231. Tofauti ya dola milioni 181 imetokana na asilimia mbili tu, na kampuni kubwa huwa na mamia ya visima na mitambo ya namna hiyo. Tena isidhaniwe kwamba deni hilo likishaandikwa kuna fedha iliyowekwa pembeni benki. Isipokuwa pale ambapo sheria inadai mfuko maalumu, kama ilivyo kwa mitambo ya nyuklia katika nchi kadhaa, kuandika deni ni jambo la vitabuni, na fedha yenyewe italazimika kutafutwa siku ya kulipa itakapofika. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ni wananchi na vizazi vijavyo watakaobeba mzigo iwapo kampuni itakuwa imeshafilisika wakati huo.

Kwa kampuni za umeme, maswali hubadilika kidogo. Sehemu ya mapato ya mwaka ni umeme ambao wateja wameshautumia lakini ankara zake hazijatoka, na hivyo hukadiriwa kutokana na mita na mwenendo wa matumizi. Madeni ya wateja nayo huhitaji makisio ya kiasi ambacho hakitalipwa kamwe. Aidha, mikataba ya muda mrefu ya kununua umeme kutoka kwa wazalishaji binafsi, ambayo huilazimu kampuni kulipia uwezo wa mtambo hata pale isipochukua umeme, yaweza kuingizwa kwenye mizania kama ukodishaji chini ya IFRS 16, au ikabaki kwenye maelezo ya ahadi za baadaye, kulingana na iwapo mnunuzi ndiye anayeamua matumizi ya mtambo. Mizania yaweza kuonekana nyepesi huku ahadi hizo zikiwa nzito.

Taarifa ya mtiririko wa fedha husaidia kupima yote hayo, kwa kuwa upungufu wa thamani na uchakavu hukata faida bila kutoa fedha taslimu. Mwaka wa hasara kubwa waweza kuwa mwaka ambao shughuli zimeingiza fedha za kutosha, na mwaka wa faida kubwa ukawa ule ambao fedha haikuonekana. Hesabu rahisi ya kuanzia ni kuchukua fedha zilizotokana na shughuli, kuondoa zilizotumika katika uwekezaji na malipo ya riba, kisha kutazama kama kilichobaki kinatosha gawio. Gawio linalolipwa kwa mkopo mwaka baada ya mwaka ni dalili inayostahili kuulizwa katika mkutano wa wanahisa.

Mfano wa Enron haukwepeki hapa. Kampuni hiyo ya Marekani ilitangaza mapato ya zaidi ya dola bilioni 100 kwa mwaka 2000, nyingi zikiwa ni thamani kamili ya biashara ya nishati iliyopita mikononi mwake, na iliruhusiwa kuandika faida ya mikataba ya miaka mingi mara tu ilipotiwa saini, kwa kutumia bei ilizozikadiria yenyewe. Madeni mengine yalifichwa katika kampuni maalumu ilizoziunda, ambazo hazikuunganishwa kwenye hesabu kuu. Hesabu za mwaka huo zilipata hati safi, yaani maoni ya kuridhisha, kutoka kwa mkaguzi wake, Arthur Andersen, na tarehe 2 Desemba 2001 Enron iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Sheria ya Marekani ya Sarbanes-Oxley ya mwaka 2002, inayobana utoaji wa hesabu na ukaguzi wake, ilitungwa baada ya msiba huo na mingine iliyofuata.

Tukiwa na hayo mkononi, ripoti ya mkaguzi husomeka vizuri zaidi. Sehemu ya kwanza ni maoni. Hati inayoridhisha, ambayo wengi huiita hati safi, husema kwamba taarifa zinaonyesha kwa usahihi, katika mambo yote yenye uzito, hali ya kifedha ya kampuni. Hati yenye shaka husema ziko sahihi isipokuwa katika jambo lililotajwa. Hati isiyoridhisha husema taarifa kwa jumla zina makosa makubwa yaliyoenea. Na pale ambapo mkaguzi hakupata ushahidi wa kutosha, hueleza kwamba ameshindwa kutoa maoni. Hati safi haisemi kwamba kampuni ina afya, wala kwamba menejimenti imeamua kwa busara. Kampuni yenye hasara ya mabilioni yaweza kuipata kwa haki kabisa, ilimradi imeionyesha hasara hiyo ilivyo.

Maneno «mambo yote yenye uzito» yana kipimo chake. Wakaguzi wengi hutumia kiasi kinachokaribia asilimia 5 ya faida kabla ya kodi kama mahali pa kuanzia, na nchini Uingereza hulazimika kukitangaza katika ripoti. Kwa kampuni yenye faida ya dola bilioni 20, asilimia hiyo ni dola bilioni 1. Kosa la dola milioni mia kadhaa laweza basi kubaki chini ya kipimo hicho, ingawa mkaguzi hutakiwa pia kutazama aina ya kosa na kama lilikuwa la makusudi.

Sehemu iliyo na manufaa zaidi ni mambo muhimu ya ukaguzi, ambayo kiwango cha kimataifa cha ukaguzi cha ISA 701 kilianza kuyadai kwa hesabu za kampuni zilizoorodheshwa sokoni zinazoishia tarehe 15 Desemba 2016 na kuendelea. Humo mkaguzi hutaja maeneo yaliyomtaabisha, akaeleza kwa nini na alifanya nini: kwamba alilinganisha bei zilizodhaniwa na utabiri wa taasisi huru, aliwaita wataalamu wa akiba ya mafuta, au alipima upya viwango vya punguzo. Kwa kampuni ya nishati, orodha hiyo karibu kila mara hurudi kwenye thamani ya mali, akiba, gharama za ubomoaji na mikataba ya biashara ya nishati. Ukiweka ripoti za miaka mitatu mfululizo kando kwa kando, utaona jambo gani limeingia na lipi limetoka, na jambo likitoka kimya kimya bila kampuni kuuza mali husika wala kubadilisha dhana zake, hapo pana swali.

Itazamwe pia kama kuna aya yenye kichwa kinachotaja mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli. Aya hiyo haibadilishi hati, kwa hiyo yaweza kukaa ndani ya hati safi, lakini ndiyo onyo zito kuliko yote ambayo mkaguzi anaweza kulitoa kuhusu mustakabali.

Maelezo ya matukio yaliyotokea baada ya tarehe ya mizania nayo yasisahaulike. IAS 10 hutofautisha tukio linalothibitisha hali iliyokuwepo tayari siku ya mizania, ambalo hurekebisha tarakimu, na tukio jipya, ambalo hutajwa tu katika maelezo. Mwisho wa mwaka 2019 pipa la Brent lilikuwa karibu dola 66, na Aprili 2020 lilishuka chini ya dola 20. Kampuni zilizotoa hesabu za 2019 katika majira hayo hazikuruhusiwa kuzirekebisha kwa anguko hilo, hivyo mizania zilibaki na thamani za ulimwengu uliokuwa umeshapita, na habari yenyewe ilikaa katika aya chache za maelezo.